Mbona Kenny Rogers anapita na gengetone inashikwa?

Jumapili asubuhi Nakuru ni ya kantri, hiyo ni sheria hata kama haijaandikwa mahali. Kuanzia hoteli za chai za karibu na steji mpaka sebule za Section 58 na Milimani, redio iko kwa Kenny Rogers, Dolly Parton, Jim Reeves na Don Williams, na tuna hata wetu wa nyumbani, Sir Elvis, ambaye ni Otieno na akishika gitaa utadhani alizaliwa Tennessee. Mimi pia napenda. Sijui nani alituambukiza huu ugonjwa lakini hatuponi.

Sasa kati ya hizo nyimba kuna moja ya 1969, ile Kenny Rogers anamwomba Ruby asiende mjini. Wengi tunaijua kwa kichwa na tunaiimba tukikata sukuma. Hebu siku moja iskize vizuri. Jamaa ametoka vitani akiwa amepooza, bibi yake amejipaka rangi ya midomo, amechana nywele, jua likizama anatoka, na jamaa anajua anaenda kwa wanaume wengine. Halafu anasema angekuwa na uwezo wa kusonga angechukua bunduki amzike. Yaani mtu anaimba venye angeua bibi yake, tunaitikia, na prezenta akimaliza anasalimia mama fulani wa Njoro na familia yote, mbarikiwe sana.

Jioni yake panda mat ya kutoka Nakuru kwenda Kisumu, spika ziko kwa gengetone, ile rap ya vijana wa mitaa ya Nairobi, na yale mazungumzo yanayofuata nimeyaskia mara nyingi mpaka ningeweza kuyasema kabla wenyewe hawajafungua mdomo. Mzee wa kiti cha mbele: "Kijana, zima huo uchafu, kuna watoto hapa." Makanga: "Sawa mzee wangu, pole," anapunguza kidogo, tukipita Salgaa sauti imerudi pale pale. Na kuna mama lazima ataongeza kwamba vijana wetu wameharibiwa na hawa watu weusi wa Marekani na rap zao. Anasema hivo yeye mwenyewe akiwa mweusi kama mimi.

Mzee hajakosea kuhusu hiyo ngoma, mara nyingi mistari yenyewe ni ya aibu kweli. Shida ni kwamba asubuhi alikuwa anaitikia Ruby.

Hapa kuna kesi mbili na watu huzichanganya kila siku. Kesi ya kwanza ni kwamba nyimba nyingi, za kila aina, zinadharau wanawake. Kesi ya pili ni kwamba macho ya wakosoaji yanaona dharau haraka ikitoka kwa mdomo wa mtu fulani, hasa mweusi, hasa kijana, hasa maskini, na mwingine akisema yale yale anaitwa msanii. Zote mbili ni za kweli. Lakini ukiingia mjadala wowote utapata huyu anashika ya kwanza ndio apige watu weusi nayo, na yule anashika ya pili ndio asiulizwe kuhusu ya kwanza.

Tuanze na ya pili, juu ndio watu hubisha ati ni kulialia tu.

Mwaka 1996 mtafiti mmoja wa saikolojia Marekani, Carrie Fried, alifanya jaribio rahisi sana. Alichukua mistari ya wimbo wa zamani wa Kingston Trio, kikundi cha wazungu waliokuwa wanaimba nyimba za kiasili za Marekani, wimbo wenyewe ni wa jamaa amepiga askari risasi. Akaichapa kwa karatasi. Watu wengine akawaambia hii ni rap, wengine akawaambia ni kantri ama ya kiasili, na kuna waliowekewa picha ya mwimbaji, wengine kijana mweusi, wengine kijana mzungu. Maneno hayakubadilishwa hata herufi. Walioambiwa ni rap, na walioona sura nyeusi, walisema mistari ni mibaya zaidi na ni ya hatari kuliko wale wengine. Miaka 20 baadaye, 2016, watafiti wengine wakarudia hilo jambo, na hiyo lebo ya rap peke yake bado ikafanya maneno yale yale yaonekane ya kutisha zaidi, na kitu kingine, yaonekane kama mwimbaji anasimulia maisha yake kabisa.

Hapo kwa kusimulia maisha ndio penye uzito. Johnny Cash wa kantri mwaka 1955 aliimba kwamba amepiga mtu risasi ndio tu amuone akifa, na hakuna polisi alienda kwake kuuliza maiti iko wapi, kila mtu alijua ni hadithi. Kenny Rogers vile vile, tunajua yule aliyepooza si yeye, ni mhusika, na ukitaka unaweza hata kumhurumia, mtu amebaki nusu, hasira imemjaa na hana pa kuipeleka. Huo ni usomaji wa heshima na wimbo unaustahili. Lakini kijana mweusi akiandika mhusika mbaya, tunachukulia ni yeye, ni mtaa wake, ni mama yake aliyemlea vibaya. Marekani imefika mahali mistari ya rap inasomwa kotini kama ushahidi wa jinai, mpaka California mwaka 2022 ikapitisha sheria ya kubana hiyo tabia.

Kuna mfano mwingine huwa unanichekesha. 1992 rapa Ice-T alikuwa na bendi ya roki nzito kabisa, Body Count, magitaa ya kupasua masikio, wakatoa wimbo wa hasira kuhusu askari. Wanasiasa wakaupigia kelele nchi nzima, na kila mtu akawa anasema hii rap hii rap. Haikuwa rap. Mwimbaji alikuwa mweusi, ikatosha.

Na usidhani hizi kelele zilianza na watu weusi. 1985 wake wa wanasiasa wa Washington, akiwemo Tipper Gore, walienda mpaka Seneti kulalamikia nyimba, na orodha yao ilijaa bendi za wazungu, AC/DC, Judas Priest, Mötley Crüe, ingawa kilichomkasirisha Tipper mwenyewe ni wimbo wa Prince ambao binti yake alikuwa anaskiza. Matokeo yake ni ile stika ya onyo kwa wazazi inayobandikwa kwa albamu. Stika tu. Miaka mitano baadaye ikafika zamu ya vijana weusi wa Florida, na hao hawakupewa stika, walipewa pingu.

Hiyo ni kesi ya kikundi cha rap cha 2 Live Crew na inafaa kuangaliwa polepole. Juni 1990, jaji wa mahakama ya shirikisho Fort Lauderdale, Jose Gonzalez, aliamua kwamba albamu yao ni chafu kisheria, mara ya kwanza mahakama ya kiwango hicho inasema hivo kuhusu albamu ya mziki. Siku mbili baadaye mwenye duka mmoja mweusi, Charles Freeman, akakamatwa kwa kuiuza. Halafu wanakikundi wenyewe wakakamatwa baada ya shoo, kwa klabu ya watu wazima. Oktoba baraza la wazee wa kesi likawaachilia, na 1992 mahakama ya rufaa ikatupa ule uamuzi wa jaji. Wakati huo huo mchekeshaji mzungu Andrew Dice Clay alikuwa anajaza kumbi kubwa na mizaha ya kudharau wanawake na hakuna pingu ilimfuata.

Sasa skiza mistari ya 2 Live Crew. Kusema ukweli ni mibaya. Wanawake ni mashimo ya kutumia na kuumiza, basi. Profesa Henry Louis Gates, mweusi, msomi mkubwa wa fasihi, alienda kuwatetea kotini akisema hii ni mila ya watu weusi ya kutia chumvi na kupigana vijembe, mtu anaikuza picha mbaya aliyopewa na wazungu mpaka inakuwa kichekesho. Ni hoja nzuri, na ina ukweli.

Kisha akaja msomi mwingine mweusi, wa sheria, Kimberlé Crenshaw, mwanamke, ambaye 1991 aliandika kitu kilichoweka kila mtu mahali pake. Alikubali kabisa kwamba hawa vijana walishtakiwa juu ni weusi. Lakini akauliza, sasa mimi mwanamke mweusi nisimame wapi? Mzungu anayepeleka kesi hajali mwili wangu, anaogopa tu wanaume weusi. Na mwanaume mweusi anayetetea anataka nicheke nikitukanwa ndio nionyeshe niko upande wa jamii. Kwake yeye kejeli inayogeuza dharau ya kizungu kuwa mzaha ilikuwa inachekwa juu ya mgongo wa mtu, na huyo mtu hakuulizwa.

Kwangu mimi hapo ndio penye ufunguo. Ukisema "wanashika tu weusi" uko sawa. Ukimalizia na "kwa hivo waacheni", umeacha wanawake weusi nje ya mlango, na wao ndio wanatajwa kwa hiyo mistari kuliko mtu mwingine yeyote.

Na mchezo unaweza kuchezwa kinyume pia. 2007 mtangazaji mzungu wa redio, Don Imus, alitukana tima ya basketboli ya wasichana wa chuo cha Rutgers, wengi wao weusi, kwa maneno ya rangi na ya matusi kwa wanawake kwa pamoja. Kujitetea akasema hayo maneno hata rapa weusi wanayatumia. Alifutwa kazi ndio, lakini mjadala ukahama, kufikia Septemba Bunge la Marekani lilikuwa linauliza maswali kuhusu hip hop. Yaani mzee mzungu ametukana wasichana, na wanaohojiwa ni vijana weusi ambao hata hawakuwa kwa hiyo studio.

Lakini tusidanganyane ati wazungu hawaguswi kamwe. Eminem aliandamaniwa Grammy za 2001 na alistahili, juu kwa wimbo mmoja wa albamu yake alimuua bibi yake kwa sauti kutoka mwanzo hadi mwisho. Robin Thicke 2013 alifungiwa wimbo wake vyuo kadhaa Uingereza. Rolling Stones walisema 2021 kwamba wameutoa kwa ziara wimbo wao wa 1971 unaocheza na utumwa na miili ya wanawake weusi, miaka 50 baadaye lakini waliutoa. Na Wales, wimbo wa Tom Jones wa 1968 kuhusu mwanaume anayedunga mpenzi wake kisu ulikuwa umekuwa kama wimbo wa taifa wa raga, mpaka 2023 chama chao cha raga kikaambia kwaya ziache kuuimba uwanjani. Ona hiyo miaka lakini. Wa kantri na roki wanapewa nusu karne ya kuzeeka kabla mtu aulize, wa rap anaulizwa wiki hiyo hiyo.

Sawa, turudi nyumbani, juu kuna mtu ataniambia huku Kisumu sote ni weusi, ubaguzi wa rangi unatuhusu nini. Unatuhusu kwa sababu maskio yetu yamefundishwa. Kizungu cha gitaa tunakiita mziki wa zamani wenye maana, Kiswahili cha mtaani tunakiita upotovu. Na pale rangi imeisha, tunatafuta kitu kingine cha kupimia, pesa, umri, lugha, nani anatoka mtaa gani. Ni kama yule mama wa sokoni mwenye gorogoro mbili za kupimia, moja imebondwa chini ni ya kukuuzia, nzima ni ya kununulia kwa mkulima.

Chukua mwaka 2019, ndio ulikuwa mwaka wa hizi vita Kenya. Bodi ya filamu, ambayo sheria yake ni ya filamu na michezo ya jukwaani, ikiongozwa na Ezekiel Mutua, ilipiga marufuku "Takataka" ya Alvindo, kijana amekataliwa na msichana, sasa anamwita huyo msichana takataka. Baadaye ikasema "Wamlambez" ya kikundi cha gengetone cha Sailors na "Tetema" ya Rayvanny na Diamond zibaki kwa vilabu na baa. (Huyo huyo Mutua 2022 akaenda kuongoza chama cha kukusanyia wanamziki pesa zao, Kenya haikosi vituko.) Angalia hizo tatu. Moja inamdharau mtu aliyesema hapana. Zingine mbili ni nyimba za kutikisa kiuno, zimejaa ukware lakini hakuna anayeumizwa mle ndani. Kwa bodi zote zilikuwa kapu moja, uchafu.

Sasa ni lini uliskia bodi imeshika ohangla? Ohangla ya Wajaluo asili yake ilikuwa mziki wa watu wazima, ngoma zilizowambwa ngozi ya kenge, matangani na kwa pombe, vijana hawakuruhusiwa hata kukaribia, na sababu ilikuwa mistari. Leo inachezwa kwa harusi ya kanisa Kondele na mchungaji anatingisha bega. Mugithi ya usiku Nakuru, ule mziki wa gitaa wa Wakikuyu, pia ina vitu huwezi kutafsiria mama mkwe. Bungoma mwezi wa nane wa mwaka wa shufwa, yaani ule unaogawanyika kwa mbili, vijana wakizungushwa kwa wajomba na njuga mkononi kabla ya kutahiri, nyimba zina ruhusa ya kutaja kila kiungo cha mwili na cha mama yako, na wazee wale wale wanaolaani gengetone ndio wanaongoza. Hiyo ruhusa ina mipaka yake, ina msimu, ina mahali, na nadhani ni jambo la busara kuliko bodi nyingi. Lakini redio imeitoa hapo, inaipiga saa nne asubuhi, na ile kanuni ya utangazaji inayosema kati ya saa kumi na moja alfajiri na saa nne usiku vipindi viwe vya kuskizwa na watoto ni kama inaelewa Kizungu na Kiswahili peke yake.

Rhumba ndio imetuweza kabisa. Baba zetu Kisumu watakuambia rhumba ni mziki wa heshima. Kinshasa kwenyewe, ambako Kilingala kinaeleweka, Franco alifungwa jela 1978 kwa nyimba chafu. Na Koffi Olomide, Julai 2016, alinaswa kwa video uwanja wa ndege wa Nairobi akimpiga dansa wake teke, akafukuzwa nchini siku iliyofuata. Ingia baa yoyote ya Oginga Odinga Street Ijumaa, utamskia. Sisemi azimwe. Nasema yule mzee wa kiti cha mbele hajawahi kuambia dere azime Koffi.

Kwa nini niumize kichwa na nyimba? Utafiti wa afya wa kitaifa wa 2022 ulipata asilimia 34 ya wanawake Kenya wamepigwa ama kuumizwa kimwili tangu wafike miaka 15. Siwezi kusema wimbo ndio ulishika rungu, sidhani mtu anapiga bibi juu ameskiza kaseti. Lakini nyimba ndio mahali tunajifunza nini inachekesha na nini inasikitisha, na ukikaa miaka 20 ukiskia kwamba mwanamke akikataa ni wa kutukanwa na akitoka nje ni wa kuzikwa, siku jirani anapiga mkewe unaongeza sauti ya TV.

Kwa hivo mimi nimeacha kuuliza kama wimbo una matusi. Matusi ni swali rahisi na linashika wale wale kila mara, juu maskini huongea wazi na tajiri huongea kwa mafumbo. Ruby haina tusi hata moja. Na upande mwingine, 2020 Cardi B na Megan Thee Stallion walitoa wimbo mchafu kutoka neno la kwanza, lakini ni wao wanaosema wanataka nini na miili yao, na wakapigwa na wanasiasa na wahubiri kuliko rapa wengi wa kiume waliokuwa wameimba mabaya zaidi miaka hiyo yote. Hicho nacho ni kipimo kingine kilichopinda, mwanaume akielezea mwili wa mwanamke ni ngoma, mwenye mwili akiuelezea ni laana. Ninachouliza sasa ni nani anaongea, huyo mwingine amepewa nafasi ya kukataa, na akikataa mwimbaji anamfanya nini. Na naiuliza kwa Kiswahili, kwa Kijaluo, kwa Kilingala nikipata wa kunitafsiria, na kwa kantri.

Ukipima hivo orodha yako haipungui, wale wanaotumia hoja ya ubaguzi ndio tuache kuongea kuhusu rap watasikitika, inaongezeka, inaingiza wazungu waliokuwa wanapita na wazee wetu wa gitaa pia. Na kuna vijana utawatoa kwa lawama, Sailors kwa mfano mimi ningewaacha.

Ethic, kikundi kingine cha gengetone, nisingewaacha. Novemba ya mwaka huo huo 2019 walitoa "Tarimbo", mistari ya kushabikia kumlazimisha mwanamke, na safari hii waliopiga kelele kubwa hawakuwa wachungaji, walikuwa wasichana wa rika lao, wengi mashabiki wao, watu ambao wamecheza "Lamba Lolo" mpaka viatu vikaisha na hakuna anayeweza kuwaambia hawaelewi mziki wa mtaa. Bodi pia ikaingia, video ikatolewa YouTube, kikundi kikaomba msamaha. Kuna waliosema ni Eastlands ya Nairobi inaonewa tena, na siku nyingine ningekubali. Lakini wale wasichana hawakuwa wanasema wimbo ni mchafu, walikuwa wanauliza huyo dem kwa wimbo amekubali saa ngapi.